Tusisingizie kudra: utingo naye ni amana

 

Ndugu Waislamu, leo nataka tuzungumzie haki ya mtu ambaye wengi wetu tunamuona kila siku lakini hatumuangalii. Naye ni utingo wa gari za abiria. Wapo wanaomwita konda, lakini ni yule yule anayening'inia nyuma, anayepandisha mizigo juu ya keria na kupiga bati gari iondoke. Sikulipata jambo hili vitabuni. Limenikuta mwenyewe hapa Wesha, Pemba, ninapoishi na kusomesha.

Siku hiyo nilikuwa narudi kutoka Chake Chake. Gari ilichelewa kujaa, na ilipojaa ilijaa kupita kiasi. Juu kulikuwa na magunia, mikungu ya ndizi na baiskeli mbili. Utingo, kijana niliyemsomesha madrasa, alikuwa bado yuko huko juu akifunga kamba. Jua lilikuwa linakaribia kuchwa. Mimi, mwalimu wa dini, nikagonga ubavu wa gari kwa kiganja nikasema: "Twendeni jamani, Magharibi itatukuta njiani!" Abiria wenzangu wakaitikia, na dereva akaondoa gari. Kijana alikuwa ndiyo kwanza anateremka ngazi ya nyuma. Mguu ukamponyoka, akaanguka barabarani na kuvunjika muundi.

Tajiri mwenye gari alikuja kumtazama mara moja. Alileta sukari na pesa kidogo, akasema ni kudra ya Mungu na tushukuru hakufa. Asubuhi yake kijana mwingine alikuwa ameshasimama kwenye ngazi ile ile. Sisi msikitini tukachangishana, nami nilikuwa miongoni mwa waliopeleka mchango ule. Mama wa kijana akaupokea, akatuombea dua, kisha akaniuliza: "Maalim, hiyo kudra mbona inawapata wao tu wa kwenye ngazi, haimpati mwenye gari?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu ninalojaribu kumpa.

Kudra na uzembe

Hapana shaka kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya imani. Lakini kuamini kadari ni jambo moja, na kuifanya kadari pazia la kufichia uzembe ni jambo jingine. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache bila kumfunga na kutawakali. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha amfunge kwanza, kisha atawakali.

Tukumbuke pia kisa cha Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alipokuwa njiani kwenda Sham, aliambiwa kuwa huko kumeingia tauni, akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Allah, Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Hivyo ndivyo walivyoifahamu kadari wale waliofundishwa na Mtume mwenyewe.

Iko Hadithi nyingine ambayo nadhani tunaisoma bila kuifikiri. Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mwenye kulala juu ya paa lisilo na kizuizi, basi dhima imemwondokea. Ikiwa huyo ni mtu aliyelala nyumbani kwake, kwenye paa lisilotikisika, tuseme nini juu ya kijana aliyesimama kwa ncha ya kidole kwenye gari inayokwenda mbio, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine unahesabu nauli? Na tuseme nini juu ya yule aliyemweka pale?

Allah (S.W.) ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi (2:195), na ametukataza kuziua nafsi zetu (4:29). Kanuni ya sheria yetu inayotokana na Hadithi ya Mtume (S.A.W.), aliyoipokea Ibn Majah, ni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana. Ufundi wa kuomba dua ya safari haufuti amri hizi.

Nani mchunga?

Tunaijua sote Hadithi ya Bukhari na Muslim kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kwenye gari moja ya abiria wamo wachunga wengi.

Kwanza ni tajiri mwenye gari. Utingo ni mfanyakazi wake, hata kama hawajaandikiana karatasi yoyote. Mtume (S.A.W.) amesema, katika Hadithi ya Bukhari, kuwa wale wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Basi tuziangalie kazi za utingo. Huamka kabla ya Alfajiri na hurudi usiku. Huinua gunia peke yake mpaka juu ya keria. Huingia chini ya gari iliyoinuliwa kwa jeki tu, bila gogo wala stendi ya kuizuia isimwangukie. Hufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado moto, na maji yakimrukia humuunguza uso. Husimama nyuma ya gari inayorudi kinyumenyume, mahali ambapo dereva hamuoni. Na malipo yake ni kile kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ya tajiri. Kwa hiyo akichelewesha safari ili afunge mzigo vizuri, anayepungukiwa ni yeye. Huko ni kumlazimisha mtu auze usalama wake kwa chakula cha usiku.

Ndiyo maana nasema kumweleza utingo ajihadhari hakutoshi. Tajiri ampangie ujira unaojulikana, amnunulie glavu na viatu vya kushika, aweke stendi ya jeki ndani ya gari, atengeneze ngazi iliyolegea, na akiumia amtibu na kumlipa. Huko si kumfanyia hisani. Katika Hadithi Qudsi iliyopokelewa na Bukhari, Allah (S.W.) amesema kuwa Siku ya Kiyama Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaichukua kazi yake kamili kisha asimpe ujira wake. Nani kati ya matajiri wetu anataka hasimu huyo?

Pili ni dereva. Gari isiondoke mpaka utingo ameteremka na ameingia ndani. Hili halina gharama hata ya senti moja.

Tatu ni utingo mwenyewe. Wewe kijana una haki, lakini pia una dhima. Binti aliyesimuliwa katika Suratul Qasas (28:26) alisema kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na muaminifu. Nguvu mnazo. Uaminifu ni pamoja na kutopakia dumu la petroli chini ya miguu ya abiria, kutomteremsha mama mjamzito gari ikiwa bado inakwenda, kufunga mzigo usije ukamwangukia mpita njia, na kumwambia tajiri ukweli kuwa tairi limekwisha. Kuning'inia si ushujaa. Mwili wako ni amana ya Allah.

Nne ni sisi abiria. Sisi ndio tunaogonga bati. Sisi ndio tunaolalamika gari ikikaa dakika tano, na ndio tunaosema "songeni kidogo, mmoja zaidi anaingia." Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondosha kero njiani ni katika matawi ya imani. Mimi siku ile sikuondosha kero, niliiongeza. Na nilikuwa nikiiharakia Sala!

Wenye mamlaka nao wana fungu lao

Wapo wanaodhani kuwa mambo ya usalama kazini yametoka kwa wazungu. Na wasome Al-Ahkam as-Sultaniyya ya Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058). Humo ameeleza kuwa ni kazi ya muhtasib, yule msimamizi wa soko na maadili, kuwazuia wenye vyombo vya bahari wasipakie kupita kiasi kinachoweza kuvizamisha, na kuwazuia wasisafiri upepo unapochafuka. Karibu miaka elfu moja iliyopita!

Sisi watu wa Pemba tulilipia gharama kubwa kwa kulipuuza somo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikija Pemba kutoka Unguja, ilizama ikiwa na watu wengi mno kuliko ilivyoruhusiwa. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Tulilia na tukasoma hitma. Lakini gari zetu za nchi kavu tukaendelea kuzipakia vile vile, kana kwamba ajali huwa baharini tu.

Sheria zipo. Zanzibar ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 mwaka 2005, na kabla yake kulikuwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1986. Mchumaji akianguka kwenye mkarafuu, watu wanajua kuwa Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) limewahi kuwalipa fidia wachumaji wa aina hiyo. Utingo akianguka kwenye ngazi ya gari, nani amewahi kumwambia kuwa naye ni mfanyakazi mbele ya sheria? Maimamu na walimu wenzangu, tuyaseme haya kwenye mimbari. Na askari wa usalama barabarani wasihesabu waliokaa ndani tu, bali wawaangalie na walioning'inia nje.

Nilichomwambia

Kijana yule sasa anatembea, ila anachechemea. Gari hapandi tena, anauza samaki bandarini. Nilimwendea nikamwomba msamaha kwa kugonga bati siku ile. Aliinamisha kichwa, akasema: "Maalim, nimeshakusamehe. Lakini huyu aliyechukua nafasi yangu, mwambieni dereva amsubiri ateremke."

Nikarudi kwa mama yake nikamwambia: mama, kuanguka kwa mwanao kulikuwa katika elimu ya Allah, lakini kuharakisha kulikuwa kwetu, na tutaulizwa juu ya kuharakisha kwetu.

Tumuombe Allah (S.W.) atusamehe tulipozembea, awalinde vijana wetu walioko njiani wakitafuta riziki ya halali, na atupe matajiri, madereva na abiria wenye kumuogopa Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.