Mbaya Avae Nini?

Mwaka juzi nilisaidia wanafunzi wa shule moja hapa Lamu kutengeneza filamu ya kusisimua: dakika nane, simu mbili, vichochoro vya bure. Gaidi kaingia mjini, polisi anamsaka. Kugawa sehemu kulituchukua dakika tano tu. Gaidi akawa kijana wa Kibajuni mwenye ndevu changa, tukamvisha kanzu na kofia. Polisi akawa kijana wa Mpeketoni, suruali na koti.

Hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza, na kanzu nilikuwa nimeivaa, maana ilikuwa Ijumaa!

Kamera ilipowashwa yule Mbajuni akavua kofia. "Mwalimu, hii ni ya baba. Huivaa Maulidi."

Aliyeona kofia ya kushona kwa mkono anajua ni miezi ya sindano.

Nikaona tumalize haraka, wabadilishane. Mbaya avae koti, awe mtu wa bara. Wenzao wakashangilia. Yule wa Mpeketoni hakucheka. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa kwao na vijiji vya karibu. Huku visiwani nako ikaja kafyu, wavuvi wakakatazwa kuvua usiku. Kumbe mavazi yote mawili yalikuwa na deni ndani yake, na mimi nilikuwa nalihamisha tu.

Wapo wasemao filamu fupi haina muda wa kumweleza mtu, acha vazi lieleze. Nakubali nusu. Vazi linaeleza kazi, umri, sherehe. Likianza kueleza dhambi, mwandishi kakwepa kazi yake. Wala sisemi mbaya asivae kanzu. Wabaya wenye kanzu wapo, wengine twawajua kwa majina. Tatizo ni kanzu moja tu katika filamu nzima, kwenye mji ambao karani, mwenye punda na muuza halua wote wanazo.

Basi tukawavisha kanzu watu sita, polisi mmojawapo. Sasa mtazamaji atamjuaje mbaya? Wiki mbili tulikwama. Mwishowe wakaandika hivi: jamaa ananunua kahawa kwa mzee, anamwambia abaki na chenji, halafu anamuuliza kwa upole mjukuu wake hutoka shule saa ngapi.

Mzee wa kahawa ndiye aliyevaa ile kofia. Kijana alikwenda kuiombea ruhusa kwa babake mwenyewe.