Isaka na Mashine ya Kutambua Nyuso



Katika Mwanzo mlango wa 27 tunamsoma mzee Isaka, macho yamefifia, akimpapasa mwanawe. Masikio yalimwambia kwamba huyu ni Yakobo. Mikono, ilipogusa ngozi za mbuzi, ilimwambia ni Esau. Akaiamini mikono. Tumekumbuka habari hiyo kwa sababu ya mashine ambayo siku hizi imeingia hata mifukoni mwetu.

Wengi wenu mnafungua simu kwa kuitazama tu. Mashine hugeuza uso kuwa hesabu nyingi, kisha huzilinganisha na hesabu za picha iliyokwisha kuwekwa. Simu huulizwa swali dogo: je, huyu ndiye mwenyewe? Lakini polisi wa nchi kadhaa huiuliza mashine swali kubwa: kati ya picha zote tulizo nazo, huyu ni nani? Hapo mashine hutoa orodha ya nyuso zinazokaribiana, basi. Hata kama mwenye kosa hayumo kabisa, orodha hutoka.

Mwaka 2018 saa za mkono ziliibwa dukani katika mji wa Detroit, Marekani. Picha ya mwizi ilikuwa hafifu. Kompyuta ikatoa picha ya leseni ya zamani ya udereva ya Robert Williams, mtu mweusi, baba wa watoto wawili wa kike. Januari 2020 alitiwa pingu nje ya nyumba yake, mkewe na watoto wakitazama, akawekwa ndani kama saa 30. Alipoonyeshwa picha ya mwizi aliiweka karibu na uso wake, ili waone wenyewe kwamba si yeye. Hawakumwachia papo hapo. Juni 2024 madai yake dhidi ya mji yalimalizika kwa mapatano: alilipwa dola 300,000, na polisi wakakatazwa kumkamata mtu kwa matokeo ya mashine peke yake.

Kumbukumbu la Torati mlango wa 19 hudai mashahidi wawili au watatu. Mtu atasema shahidi wa pili alikuwapo. Ndiyo, lakini siku ya wizi hakuona kitu. Alitazama picha ileile ya kamera, kisha akachagua picha ya Williams kati ya picha kadhaa. Sisi tuliosahihisha madaftari miaka mingi tunajua kwamba majibu mawili yanayofanana huenda yametoka kwa mwanafunzi mmoja.

Tena kosa hili haliwaangukii wote sawasawa. Mwaka 2019 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilipima programu 189, ikakuta kwamba nyingi zilichanganya nyuso za Waafrika na Waasia kuliko za Wazungu.

Lakini tusimwone askari wa Detroit kuwa mwovu kuliko sisi. Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, mlinzi alituletea habari kwamba amemwona mwanachuo fulani usiku akiruka ukuta na gunia la unga wa bwaloni. Alimtambua kwa koti lake. Kijana alisimama mbele ya meza yetu akasema usiku ule alilala na homa, na wenzake wa bwenini wangeshuhudia. Hatukuwaita. Tulimrudisha nyumbani wiki tatu, na mazoezi ya kufundisha yakampita. Muhula uliofuata tukajua kwamba koti lilikuwa limeazimwa. Tulimrudishia nafasi yake, lakini kumwomba radhi hatukumwomba. Tuliona haya mwalimu kujishusha.

Wala hatukuwa na mashine yo yote. Mtu mwenyewe alisimama mbele yetu akisema, nasi tukaliamini koti. Isaka alipotambua kwamba amekosea, alitetemeka mno. Sisi tuliendelea na ratiba ya masomo.

Kijana yule sasa ana wajukuu. Jumapili hii tutakapopiga magoti kwa maungamo tutamtaja kimoyomoyo kwa jina lake, na Jumatatu tutampelekea barua.