Ketini Kwanza, Mhesabu Pamoja

Wapendwa mume na mke, katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu atakaye kujenga mnara. Huyo huketi kwanza akahesabu gharama, asije akakwama kwenye msingi, watu wakamcheka. Mafundisho hayo yafaa hata kwa bafu linalovuja.

Mara nyingi ugomvi huanza pale mmoja anapomwita fundi bila mwenzake kujua. Kabla ya hapo, zimeni redio, leteni karatasi, mwandike kila kitu: mabomba, simiti, vigae, ujira. Vigae ndivyo vinavyosifiwa na wageni, lakini bomba zima na sakafu isiyopitisha maji hutangulia. Ongezeni sehemu moja ya kumi, kwani ukuta ukibomolewa, mengi yaliyofichika hujitokeza.

Ulizeni bei kwa mafundi watatu, mkaone kazi zao za awali. Andikeni mapatano. Lipeni kwa awamu, na salio mlitoe baada ya kufungulia maji na kuona hayavuji. Hapo msimzungushe fundi: Waraka wa Yakobo, sura ya 5, waonya kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu.

Je, fedha zisipotosha? Tengenezeni mabomba sasa, vigae vingoje. Bafu lisilo na vigae si aibu. Aibu ni mkopo asioujua mwenzako, maana huo hubomoa nyumba ambayo hakuna fundi wa kuikarabati ila ninyi wawili, kwa neema ya Mungu.