Kijito Kinapokauka

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Wafalme 17:1–16, Yohana 9:1–3, Matendo 18:1–4, Isaya 58:13, 14, Wagalatia 6:2.

Fungu la kukariri: Wafilipi 4:19.

Mkulima wa pamba wa Ngulyati hapangi bei ya pamba. Anapanda mvua zinapoanza, anapalilia, anapulizia dawa, anavuna. Kisha anapeleka mzigo kwenye mizani na kuambiwa bei iliyoamuliwa mbali na shamba lake. Anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akarudi nyumbani na fedha kidogo.

Rubani wa ndege naye yuko hivyo hivyo, ingawa wengi hudhani sare yake ni kinga. Mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na watumishi wake wakalazimika kutafuta pa kwenda. Mwaka 2016 Kenya Airways, likielemewa na madeni, liliyakodisha mashirika mengine baadhi ya ndege zake kubwa. Fastjet, lililoanza safari nchini Tanzania mwaka 2012, lilisimama mwishoni mwa 2018. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Kenya ilifunga safari za abiria za kimataifa hadi Agosti 1. Duniani kote ndege zikaegeshwa na ajira mpya zikasimamishwa.

Rubani hufunzwa kwa aina fulani ya ndege. Aina hiyo ikiondolewa, hawezi kuhamia nyingine bila mafunzo mapya yenye gharama kubwa. Tena ujuzi wake hauwekwi kabatini: lazima aruke mara kwa mara, apimwe afya na afanyiwe majaribio, la sivyo haruhusiwi kubeba abiria. Kila mwezi anaokaa nyumbani unamsogeza mbali zaidi na kazi.

Sasa fikiria wazazi wa Ngulyati waliouza ng'ombe ili mtoto wao asomee urubani. Leo amerudi nyumbani na begi lake, na simu ya mwajiri hailii. Kanisa litamwambia nini?

1. Kijito alichoonyeshwa na Mungu

*Soma 1 Wafalme 17:1–7. Nani aliyemtuma Eliya Kerithi? Kwa nini kijito kilikauka?*

Eliya hakwenda Kerithi kwa tamaa yake. Bwana ndiye aliyemtuma, na kunguru walimletea chakula asubuhi na jioni. Hata hivyo kijito kilikauka, kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi. Ukame ule ule ambao Eliya aliutangaza kwa utii ulimfikia yeye mwenyewe.

Hapa pana fundisho ambalo mwenye shida hulihitaji kuliko pole nyingi. Kijito kukauka si ushahidi kwamba mtu alikosea njia. Inawezekana Mungu alimpa kazi ile kweli, na kazi ile ile ikaisha kweli. Kazi ni kijito. Mungu ndiye chemchemi. Aliyeshika jambo hili anaweza kulia kando ya kijito kikavu bila kudhani kwamba Mungu naye amekauka.

2. Nani aliyetenda dhambi?

*Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walitaka kujua nini? Yesu aliligeuzaje swali lao?*

Habari mbaya ikifika kijijini, maelezo hayachelewi. Mmoja atasema kijana amerogwa na wenye wivu. Mwingine, akiwa na Biblia mkononi, atauliza kama alikuwa akirudisha zaka kwa uaminifu. Maelezo haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yote mawili yanamtafutia mtu aliyeumia mkosaji badala ya kumtafutia msaada. Yesu aliwatoa wanafunzi kwenye kutafuta wa kulaumiwa, akawaelekeza kwenye kazi ambayo Mungu angeifanya.

3. Njia ya Sarepta

*Soma 1 Wafalme 17:8–16 na Matendo 18:1–4. Mungu alimtumia nani kumlisha nabii? Paulo alijipatiaje riziki Korintho?*

Neno la pili la Bwana lilimtoa Eliya kandokando ya kijito na kumpeleka Sarepta, katika nchi ya Sidoni alikotoka Yezebeli. Huko alilishwa na mjane aliyekuwa na konzi moja ya unga. Nabii alilazimika kuomba, na kuomba kwa aliyepungukiwa kuliko yeye. Paulo naye, mtu msomi, alishona mahema bila kuona aibu.

Rubani anayeshika jembe kwa msimu mmoja, au kufundisha hisabati, hajashuka hadhi. Na mjane wa Sarepta ni mfano kwa kanisa: hakungoja awe na akiba ndipo asaidie. Debe la mahindi linalopelekwa kimya kimya huhubiri kuliko hotuba.

4. Simu inapolia

*Soma Isaya 58:13, 14. Furaha ya Sabato inajaribiwa wapi zaidi?*

Jaribu kubwa mara nyingi haliji siku ya kupoteza kazi. Huja siku ya kupata nyingine. Katika mashirika mengi rubani mkongwe huweza kuomba siku zake za mapumziko, lakini mgeni hupangiwa zamu kama ilivyo. Baada ya mwaka wa kungoja, nafasi inakuja, na ratiba yake inagusa Sabato. Watoto wanadaiwa ada. Jibu halipatikani kwa urahisi, na asiyewahi kulala na deni asilitoe haraka. Lakini Yule aliyelisha Kerithi bila mshahara ndiye pia Bwana wa Sabato. Kijito kipya kinachomtenga mtu na chemchemi kitamwacha na kiu kubwa zaidi. Ndugu huyo asiachwe aamue peke yake: darasa limwombee, na wazee wa kanisa wamsaidie kuongea na mwajiri mapema.

Maswali ya kujadili

1. Katika darasa lenu, ni nani ambaye kijito chake kimekauka mwaka huu? Mmefanya nini zaidi ya kumpa pole?

2. Kwa nini ni rahisi kumuuliza mtu habari za zaka kuliko kumuuliza kama amekula?

3. Mkulima aliyepata bei mbaya ya pamba na rubani aliyepunguzwa kazini wanaweza kufundishana nini?

4. Kwa kuzingatia Wagalatia 6:2, kanisa lingebebaje pamoja gharama ya mshiriki anayekataa kazi kwa ajili ya Sabato?