Umoja wa Hiari na Umoja wa Sheria

Fundi viatu mmoja wa sokoni Dodoma, akichokoa ngozi kwa msharasi wake, aliniuliza: "Mwalimu, mimi chama changu ni kipi?" Nilicheka, kisha nikaona haya, maana sikuwa na jibu.

Wafanyakazi wa viatu na ngozi hawakuwa wengi kama wale wa mkonge, reli na bandari. Habari zao zimefunikwa na habari za wenzao. Mwaka 1955 vyama vya Tanganyika viliungana katika shirikisho, TFL, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Kawawa. Kawawa huyohuyo alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, ilipotungwa sheria ya kubana migomo. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, shirikisho likavunjwa kwa sheria na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Naye Michael Kamaliza, aliyeteuliwa, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mwaka 1967 Serikali ikatwaa hisa nyingi za kampuni ya viatu ya Bata. Basi mshona viatu wa kiwandani akaketi mezani, akamwona mwajiri wake ni Serikali, na msemaji wake ni Serikali.

Je, alidhulumiwa? Hoja ya watawala haikuwa nyepesi. Walisema mwenye mshahara wa mwezi ni mtu wa heri akilinganishwa na mfugaji wa Ugogo, achunaye ng'ombe aliyekufa kwa ukame na kuuza ngozi kwa bei asiyoipanga yeye. Kiwanda kikipandisha ujira, ni nani atakayelipa? Nami nakiri kwamba hoja hii hunisumbua hata leo. Lakini sadaka huwa sadaka kwa kutolewa na mwenye mali. Ikichukuliwa na mwingine, hata kwa nia njema, jina lake hubadilika. Tena mfugaji yule, ambaye mfanyakazi alinyamazishwa kwa ajili yake, hakupewa kiti mezani.

Sheria ya kazi ya 2004 humpa mwajiriwa haki ya kuunda chama akitakacho. Fundi wangu hana mwajiri.

Niliporudi kuchukua kiatu nilimwambia kwamba chama chake ni kile atakachokiunda na mafundi wenziwe wa pale sokoni. Akawatazama, akavuta uzi.

"Hao," akasema, "ndio wanaonishushia bei."

Nikamlipa bei aliyoitaja, wala sikupatana.