Dada wa Zamu, Kiombe Kile Kiti

Ingia leba ya hospitali yoyote ya wilaya saa nane usiku, uhesabu. Anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni ni mwanamke. Anayetundika dripu ni mwanamke. Anayepiga deki damu sakafuni ni mwanamke. Kisha rudi saa nne asubuhi, uingie ukumbini inakojadiliwa bajeti ya leba hiyohiyo, uhesabu tena. Shirika la Afya Duniani lilishaifanya hesabu hiyo kwa dunia nzima, likaitoa mwaka 2019: kati ya wafanyakazi wa afya, asilimia 70 hivi ni wanawake, lakini katika nafasi za juu za uongozi ni robo tu.

Nakuandikia wewe muuguzi, mkunga, tabibu, mtaalamu wa maabara, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Sifa umepata za kutosha. Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi, mgeni rasmi husimama akawaita mama wavumilivu, mkapiga makofi, mkala pilau, mkarudi wodini kusiko na glavu. Uvumilivu haununui glavu. Glavu hununuliwa kwa sahihi, na sahihi ni ya mwenye kiti.

Kiti chenyewe wala hakiko Dodoma peke yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, Tanzania inapeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya afya, hata zahanati ya kijijini. Mfawidhi na kamati ya usimamizi ya kituo ndio wanaokaa na kupanga: fedha ya robo hii inunue nini, taa ya sola ya leba au meza mpya ya ofisi? Aliyewahi kumshona mzazi huku tochi ya simu kaibana mdomoni hahitaji semina ya kumweleza kipi kitangulie. Lakini kama hayumo kikaoni, meza itanunuliwa.

Kwa mfano wa mwanamke aliyeiona kasoro akaishika mwenyewe, njoo kwa Profesa Miriam Were wa Kenya. Kabla ya udaktari alikuwa mwalimu wa shule, akachoshwa na kuona wanafunzi wakikosa masomo kwa maradhi ambayo yangeweza kuzuilika. Akaamua kusomea utabibu. Katika miaka ya 1970 alikwenda vijijini Kakamega na swali ambalo madaktari wa wakati ule hawakuzoea kuuliza: ninyi wenyewe mnaweza kufanya nini kuhusu afya yenu? Wanakijiji wakachimba vyoo, wakalinda chemchemi, wakachagua watu wao wa kufundishwa huduma ya kwanza. Mwaka 2008 Japani ikampa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi. Na mwaka 2023, Serikali ya Kenya ilipowakabidhi mikoba ya vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ilikuwa inapita njia ambayo mama huyu alianza kuifyeka zamani.

Wapo wanaosita kwa kuwa kiti kinaweza kukuangusha. Ni kweli, kinaweza. Dk. Mwele Malecela wa Tanzania alitumia miaka mingi kupambana na matende na mabusha, ugonjwa ambao watu wa Pwani na Tanga waliufanyia mzaha na wagonjwa wakaufichia ndani ya kanzu na khanga. Silaha ilikuwa vidonge vya kumeza mara moja kwa mwaka, kijiji kizima, na ufito wenye alama: unasimama, unapimwa kimo, kimo chako kinasema umeze vidonge vingapi. Mizani haihitajiki, daktari hahitajiki. Mama huyo akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Desemba 2016, mara tu baada ya kutangaza matokeo ya utafiti wa virusi vya Zika, uteuzi wake ukatenguliwa. Hakwenda kujifungia ndani. Mwaka 2018 alikuwa Geneva, mkurugenzi wa idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa yasiyopewa kipaumbele, na chini yake ikazinduliwa ramani ya dunia ya kuyatokomeza, ya mwaka 2021 hadi 2030. Alifariki Februari 2022. Waliomtengua hawakuweza kumnyang'anya alichokuwa anakijua.

Utaniuliza: na watoto nimwachie nani nikienda kusoma? Swali la haki, na anayekujibu kwamba ukitaka utaweza hajawahi kutoka zamu ya usiku akakuta sare za shule hazijafuliwa. Mzigo huo haubebwi na mtu mmoja. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, alilijua hilo. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, ambacho baadaye kilizunguka mikoani kuwapima wanawake saratani ya matiti. Wewe si lazima uanzishe chama. Wawili watatu wa wodi moja wakikubaliana kubadilishana zamu ili mmoja akafanye mtihani, hicho tayari ni chama.

Kwa hiyo omba. Omba nafasi ya mfawidhi hata kama hakuna aliyekusukuma. Wapo wanaume wanaoomba wakiwa na nusu ya sifa, na hawaoni haya. Jifunze kusoma jedwali la bajeti kama unavyosoma chati ya mgonjwa. Kikaoni usikubali kila mara kuwa wewe ndiye wa kuandika muhtasari na kugawa chai. Ukikataliwa, uliza kwa maandishi sababu ni nini, kisha omba tena. Na ukishakaa, mvute binti wa mafunzo kwa vitendo aliyeko nyuma yako, umkalishe karibu aone hesabu zinavyopangwa.

Tangazo la nafasi likibandikwa ubaoni, usilipige picha ukamtumie kaka yako. Andika barua yako.