Watazamaji Waliomwona Kuku

Aghalabu mtu wa kwetu Mwenge, jijini Dar es Salaam, akitoka kutazama filamu huulizwa na waliobaki nyumbani swali moja tu, nalo ni "inahusu nini?", na ole wake asiyeweza kulijibu kwa maneno machache, maana atahesabiwa kuwa alisinzia au alipoteza fedha zake bure. Sina ugomvi na swali hilo. Hadithi zote tulizolelewa nazo zilitufundisha kwamba msimulizi ana deni kwa msikilizaji wake, na kwamba deni hilo hulipwa kabla watu hawajaenda kulala: mwovu apatilizwe, yatima aneemeke, aliyepotea arudi kwao. Lakini zipo filamu chache duniani ambazo watengenezaji wake walikataa kulilipa deni hilo kwa makusudi, na kila zionyeshwapo hadhira hugawanyika mafungu, hawa wakiondoka kwa hasira na wale wakibaki vitini hali hawajui kilichowabakiza.

Mwaka 1929 Wahispania wawili, Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí, waliionyesha Paris filamu yao fupi, Un Chien andalou, ambayo waliiandika kwa sharti la kuitupilia mbali kila taswira iliyoweza kuelezwa kwa akili, na ambayo mwanzoni mwake wembe hupita juu ya jicho la mwanamke. Buñuel alisimulia baadaye kwamba usiku ule alisimama nyuma ya pazia la senema na mawe mifukoni, tayari kujihami kama watazamaji wangemshambulia. Watazamaji wakapiga makofi, na mawe yakakosa kazi. Ajabu ni kwamba baadaye sifa zile zilimuudhi. Filamu yake iliyofuata, L'Âge d'or, haikupata neema hiyo, kwa kuwa tarehe 3 Desemba 1930 kundi la watu wenye ghadhabu liliuvamia ukumbi wa Studio 28, likarusha wino kwenye pazia na kuzichana picha zilizotundikwa ukumbini, na kabla ya wiki mbili kupita polisi walikuwa wameipiga marufuku. Nayataja haya mapema ili msomaji asidhani kwamba kughadhibishwa na filamu isiyoeleweka ni ushamba wa watu wa Uswahilini. Watu wa Paris, ambao hujisifu kwa ustaarabu, walitangulia, tena kwa wino.

Sisi tunayo ya kwetu, japo haikumpasulia mtu jicho. Maangamizi, filamu iliyoongozwa na Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar, katika mwaka 2001, na ikapita miaka zaidi ya ishirini kabla ya kupelekwa ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Ndani yake Amandina Lihamba, profesa aliyefundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, mwendo mfupi tu kutoka hapa ninapoandika, anacheza nafasi ya Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye hajatamka neno kwa miaka mingi tangu alipoona utotoni mama yake akifa kwa moto. Daktari mwanamke anatoka Marekani kuja kumtibu. Na baina yao anapita mzee wa kale, Maangamizi, mzimu wa ukoo, ambaye huja na kuondoka kama ndoto ijavyo, pasipo kubisha hodi wala kuaga. Lililo kweli na lililo ruya hayakutiwa mpaka. Mtazamaji huachiwa ajipatie mwenyewe njia ya kupita.

Niliitazama sebuleni kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, pamoja na watu wa nyumba yake na wawili watatu wa mtaani, na ilipokwisha ukazuka mjadala uliokuwa mrefu kuliko filamu yenyewe. Mwalimu alikuwa wa kwanza kutoa hukumu. Alisema kwamba filamu isiyomwambia mtu lipi limetokea na lipi limeotwa imemdhulumu mtazamaji, na kwamba tangu daktari yule alipoanza naye kutokewa na mambo asiyoyajua, yeye, Mwalimu, alishindwa kufahamu ni nani mgonjwa na ni nani mganga. Kijana mmoja wa bodaboda alikiri bila haya kwamba alichoka, akatoka nje katikati kwenda kuitazama pikipiki yake, akarudi kwa sababu ya chai. Binti wa Mwalimu, mwanafunzi wa chuo, aliisifu sana. Lakini alipobanwa na kaka yake aseme ni kipi hasa kilichompendeza, alirejea mara mbili habari ya Oscar, nami nikahofu kwamba alikuwa ametazama hati ya sifa zaidi ya alivyotazama filamu.

Aliyetushangaza alikuwa Bi Mkubwa, mama yake Mwalimu, mwenyeji wa Pangani, ambaye muda wote tulidhani kwamba amesinzia. Mwanawe alipomgeukia na kusema, "Mama, na wewe umefahamu kitu hapo?", alijibu pasipo kuinua sauti: "Kipi cha kutofahamu, mwanangu? Mtoto aliyemshuhudia mama yake akiungua, asipotokewa na mzimu, hapo ndipo ningestaajabu." Kisha akauliza kama chai imebaki. Bibi huyu alikulia katika mji ambako ngoma za pepo zilichezwa mtaani, na ambako mtu aliyepandwa na pepo hakuambiwa kwamba amerukwa na akili, bali alikalishwa kwenye mkeka, akafukizwa, na pepo akaulizwa kwa heshima jina lake na haja yake. Kwa hiyo filamu ambayo sisi tuliosoma tuliiona ngumu, yeye aliipokea kama mtu apokeavyo mgeni wa kabila analolijua.

Mwalimu hakuridhika. Tukiwa mlangoni aliniambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa watu wenye nia njema: "Hizi si filamu za watu wetu. Watu wetu wanataka jambo lililonyooka." Naam, na hapo ndipo nilipotamani tukae tena, maana kauli hiyo ina nasaba, na nasaba yake haikuanzia Pangani wala Mwenge.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa senema za mafunzo kwa Waafrika, uliofadhiliwa na Shirika la Carnegie la Marekani na kusimamiwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko zilitengenezwa filamu zipatazo thelathini na tano juu ya mambo kama kodi, akiba ya posta na ugonjwa wa safura, kisha zikatembezwa kwa gari vijijini, sauti zake zikitoka katika sahani za santuri kwa lugha za wenyeji, na watazamaji nao wakatazamwa ili ijulikane wanafahamu nini. Baada yake alikuja William Sellers, ambaye alianzia kazi hiyo Nigeria katika idara ya afya, na ambaye, alipokabidhiwa kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, aliifanya dhana yake kuwa sheria: Mwafrika aonyeshwe picha ndefu, za polepole, zinazofuatana kama hatua za mtu atembeaye, pasiwe na mruko wa ghafla wala hila za kamera, kwa kuwa akili yake haijazoea. Ukiitazama sheria hiyo kwa insafu utaona kwamba ilikuwa ukuta uliojengwa kumzunguka mtazamaji ambaye hakuulizwa kama anauhitaji.

Tena ukuta huo ulijengwa kwa ushahidi wa ajabu. John Wilson, Mwingereza aliyeshughulika na mambo ya filamu katika Afrika, aliwahi kusimulia habari ya filamu moja ya usafi, iliyotengenezwa kwa mwendo wa konokono, ikimwonyesha bwana afya akiondoa maji yaliyotuama na kuokota makopo. Ilipokwisha wanakijiji waliulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wamemwona kuku. Watengenezaji walipigwa na butwaa, kwa maana hawakujua kwamba katika filamu yao mna kuku. Wakaipitia picha moja moja, na kumbe kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku alikuwa ameruka kwenye pembe ya chini ya picha. Kisa hiki kimerudiwa vitabuni miaka nenda miaka rudi kama hoja kwamba Mwafrika hajui kusoma filamu. Mimi kila nikisomapo husoma kinyume chake: wale walikuwa na macho makali kuliko aliyeshika kamera, wakaona kitu chenye uhai katika filamu isiyokuwa nacho, na walipoulizwa wakasema walichokiona, hawakusema walichotakiwa kukiona.

Ni haki pia kusema kwamba watu wa mji huu hawakuwa wakiogopa mambo ya ghaibu katika picha. Mwanzoni mwa karne hii Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu zenye viumbe visivyo vya ulimwengu huu, zikatazamwa mitaani kwa bidii. Na katika vibanda umiza vya enzi zile, ambamo watu walijazana juu ya mabenchi kwa joto lisiloelezeka, palikuwa na watafsiri wa filamu, mashuhuri kupita wote akiwa Derek Mukandala, aitwaye Lufufu, ambao walizifasiri filamu za Hong Kong, India na Marekani kwa Kiswahili cha mjini, wakiongeza methali, mizaha na majina ya vitongoji vyetu pale filamu yenyewe iliponyamaza. Nimewahi kujiuliza Lufufu angeifanya nini Un Chien andalou. Nadhani kabla ya dakika tano wembe ule ungekuwa na mwenyewe, na mwenyewe angekuwa na deni la kodi ya nyumba Manzese. Ndiyo maana nasema kwamba ajabu haijawahi kumfukuza mtazamaji wa Dar es Salaam; kinachomtaabisha ni ajabu inayokataa kuelezwa, isiyokuwa na mkalimani pembeni wala hukumu mwishoni.

Na bado, ukishuka kituo cha Mwenge na kuifuata Barabara ya Sam Nujoma hadi kwenye vibanda vya vinyago, utakuta ajabu za namna hiyohiyo zimepangwa rafuni. Hapo pana mashetani ya mpingo ya Wamakonde: mwenye jicho moja tumboni, mwenye sikio lililogeuka mkono, wawili walioshikana hata hujui mguu ni wa nani. Mtindo huo uliibuka mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mkono wa mchongaji Samaki Likankoa, ambaye kazi zake ziliuzwa hapa mjini na mfanyabiashara Mohamed Peera, na baadhi ya wanunuzi wa mwanzo walitazama na kugeuza nyuso. Mchongaji mmoja mzee niliyezoea kuketi naye hunichekesha kwa namna anavyojibu swali la wageni. Akiulizwa maana ya kinyago, humtazama kwanza muulizaji, akapima ni hadithi ya urefu gani itakayomtosha, kisha humpa. Na hadithi ya asubuhi si ya alasiri. Nilipomsuta aliniambia, "Wao wananunua maneno. Mimi nachonga mti." Euphrase Kezilahabi, aliyefundisha hapo Mlimani, alipata taabu ya jinsi hiyohiyo kwa wasomaji wa Nagona na Mzingile, riwaya za mwaka 1990 na 1991, ambazo hadi leo wapo wanaozitukuza na wapo walimu wanaoziweka kando kimyakimya wakati wa kuchagua vitabu.

Sasa nisije nikaonekana kwamba kila kisichoeleweka nakiita kikubwa. Zipo filamu za kindoto ambazo ni uvivu uliovishwa joho, na kuzitenga na zile za kweli hakuhitaji shahada: kama vile kinyago ambacho mguu wake umepinda kwa amri ya mkono wa fundi kisivyofanana na kile ambacho mguu wake umepinda kwa sababu tezo iliteleza, ndivyo na filamu, na jicho la mtu wa kawaida huijua tofauti hiyo hata pale ulimi unaposhindwa kuieleza. Kwa hiyo simlaumu kijana wa bodaboda aliyetoka nje. Kuchoka kwake kulikuwa kwa kweli, na siku chache baadaye alinisimamisha kijiweni kuniuliza kama yule bibi kizee wa kwenye filamu, Maangamizi, alikuwako au la, swali ambalo hajawahi kuniuliza juu ya filamu yoyote ya ngumi. Ninayemhofia ni yule anayesifu kwa sababu amesikia kwamba wakubwa wamesifu, na pamoja naye yule anayewahurumia wengine kwa kuwaamulia wasionyeshwe. Mmoja wa hao ni rafiki yangu Mwalimu, na haya nimekwisha kumwambia usoni.

Tumekubaliana kutazama nyingine. Binti amependekeza Neptune Frost, filamu iliyopigwa Rwanda na Saul Williams na mkewe Anisia Uzeyman, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2021, ambamo wachimbaji wa madini ya koltani, nyimbo na mitambo ya kompyuta vimechanganywa katika lugha tano, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwalimu amekubali kwa sharti kwamba baadaye mimi nimweleze maana yake. Nimekataa sharti hilo, na hadi leo hatujapatana. Bi Mkubwa ameuliza tu itaanza saa ngapi.